Gauni Safi la Mtu Mwingine

Watu wakitafuta mahali pa kumweka mzazi wao, kila mmoja hutazama kile anachokijua. Mwalimu hutafuta vitabu, mpishi huchungulia jikoni. Kaka mtu wa hadithi hii alikuwa muuza vigae, kwa hiyo alitazama sakafu. Alipoingia tu katika makao yale ya wazee, kabla hajamsalimia hata mtu mmoja, alichuchumaa pale mapokezi akapitisha kiganja juu ya kigae taratibu, kama anayempapasa mtoto kichwani. Aliposimama uso ulikuwa umemkunjuka. Akasema kwamba hapo ndipo, wala hakuwa ameona kitanda hata kimoja.

Kusema kweli, si rahisi kumlaumu. Makao yale yalipendeza macho. Mlango wake mkubwa wa mbao ulipakwa vanishi hadi ukawa kama kioo, na vishikio vya shaba vilisuguliwa kila asubuhi. Vigae vyeupe vilitandazwa kutoka mlangoni hadi mwisho wa ukumbi bila alama ya kiatu. Mapazia yalikuwa meupe, mashuka meupe, kuta nyeupe. Harufu ya dawa ya sakafu ilikupokea ulipoingia na kukusindikiza ulipotoka. Msimamizi, mama wa makamo aliyevaa nadhifu, aliwatembeza huku na huku akilirudia neno alilolipenda kuliko yote, kwamba humo hamna hata sisimizi.

Dada mtu aliwafuata nyuma akiwa kimya. Yeye alikuwa mwokaji wa mikate, na ukimya wake haukutokana na sakafu. Alikuwa akimfikiria mama yao, aliyebaki nyumbani akingojea kuambiwa ataishi wapi.

Mama huyo mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hapakuwa na suruali ndefu wala gauni lililoburura chini ambalo halikupita mikononi mwake. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake. Sasa alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini kukaa bure hakukuweza. Siku moja alipanda juu ya stuli ili atundike pazia alilolishona mwenyewe, stuli ikamsaliti, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vizuri. Daktari akasema kazi iliyobaki ni ya mgonjwa mwenyewe: atembee kila siku, hata kama ni kutoka kitandani hadi mlangoni.

"Akizoea kiti," daktari alimwambia dada mtu, "kiti hakitamwacha tena."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Wawili hao waliishi peke yao, mama na binti, na kazi ya tanuri humtoa mtu nyumbani alfajiri ikamrudisha alasiri. Majirani walisaidia hadi wakachoka, na hawakuwa na kosa. Siku moja dada mtu alirudi akamkuta mama yake ameketi chini kando ya cherehani, amechoka kuita, anajifanya anatafuta sindano iliyoanguka. Maji yalikuwa yamezidi unga. Kaka mtu, mwenye mke, watoto na nyumba ya ghorofa yenye ngazi kali, akasema wamtafutie makao mazuri. Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, neno lake likapita.

Kabla ya kufika kwenye vigae vile, walikuwa wamepitia makao mengine. Geti lake lilikuwa limeota kutu na bawaba moja ilifungwa kwa waya. Kaka mtu hakuzima hata injini.

"Kama huu ndio mlango," akasema, "huko ndani si ni kilio?"

Dada mtu alitaka kushuka atazame. Kwa juu ya ukuta aliona kamba ya nguo, na nguo zenyewe zilikuwa za kila rangi. Lakini kaka ni kaka, na gari lilikuwa lake. Wakaondoka.

Basi Mama Pindo akahamia penye vigae. Siku ya kuhama alibeba mto wake wa viraka, mkasi wake mkubwa, picha ya marehemu mumewe yenye fremu, na lile pazia lililomwangusha, maana alisema lina deni naye. Vyote vilirudishwa kwa heshima ndani ya mfuko. Mto na pazia vinashika vumbi, msimamizi alieleza, fremu ina pembe kali, na mkasi hauhitaji maelezo. Wazee wote walilala katika vyumba vinavyofanana kama mapacha, ili mfanyakazi yeyote aweze kusafisha chumba chochote akiwa amefumba macho. Jumapili ya kwanza Mama Pindo bado alikuwa na ulimi wake. Msimamizi aliporudia kwamba humo hamna hata sisimizi, mama akamjibu kwa upole kwamba sisimizi ni mdudu mwenye akili. Dada mtu alicheka hadi akafunika mdomo, akarudi nyumbani na nusu ya amani.

Lakini makao yale yalikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Sakafu ilipigwa deki asubuhi, mchana na jioni, kisha ikang'arishwa kwa mashine, na vigae vikawa vinateleza kama vimepakwa sabuni. Mzee mmoja aliwahi kuanguka. Tangu hapo viti vilipangwa kufuata ukuta, na wazee wakakalishwa humo baada ya chai hadi wakati wa kulala. "Keti, bibi, utaanguka," ndiyo sentensi iliyosemwa mara nyingi zaidi katika nyumba ile, na ilisemwa kwa mapenzi. Aliyetaka kwenda msalani alisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Chakula cha kutoka nje kilikatazwa kwa sababu ya makombo, hivyo mwokaji wa mikate alikuwa akimtembelea mama yake mikono mitupu, jambo lililomtia aibu kila mara alipopita pale mlangoni.

Kila alipofika, mama alimuuliza swali lile lile. "Umekuja kunichukua?" Naye dada mtu alijibu kwa kuzungukazunguka, akizungumzia nyonga, tanuri, na hali ya hewa. Aliondoka machozi yakimlengalenga, akijiambia kwamba mama atazoea. Kisha ikaja Jumapili ambayo mama hakuuliza. Alizungumza kidogo juu ya uji, akanyamaza, akatazama ukuta wa mbele yake. Dada mtu, aliyekuwa akiliogopa swali lile wiki nzima, alijikuta akilisubiri. Alikaa hadi saa za wageni zikaisha, halikuja. Njiani alilia waziwazi, watu wakimtazama, kwa kuwa alielewa kwamba mama hakuwa amezoea. Alikuwa amekata tamaa.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyogeuza mambo.

Dada mtu aliingia ukumbini akiwa amechelewa, akatupa macho. Kule mwisho, karibu na dirisha, alimwona mama yake amempa mgongo. Hakuhitaji kuuona uso. Gauni lile la bluu alilijua tangu lilipokuwa kitambaa mezani. Mama alilishona mwenyewe, akalitia mifuko mirefu inayomeza mkono hadi kifundoni, kwani alikuwa na msemo wake kwamba mwanamke asiye na mfuko hutembea amefumba ngumi. Na mama alikuwa ameketi dirishani, si pale ukutani. Huenda alikuwa amesogea. Huenda alikuwa amesogea kwa miguu yake. Dada mtu alipita katikati ya viti kwa haraka iliyokatazwa, akainama, akamkumbatia kwa nyuma na kuweka shavu lake begani.

"Mama, nimekuja."

Mkono uliopanda kuushika wa kwake ulikuwa laini. Vidole vyake havikuwa na ule ugumu wa miaka ya sindano. Na sauti iliyomjibu haikuwa ya mama yake.

"Nilijua utakuja," ilisema. "Niliwaambia utakuja, hawakuamini."

Alikuwa bibi mwingine. Wahudumu walimwita Bibi wa Dirishani, kwani ndiye pekee aliyekataa kukaa ukutani, na kwa kuwa alikuwa mpole katika mambo mengine yote walimwachia hilo moja. Alikuwa na binti aliyekwenda mbali, akawa anaandika, halafu akawa haandiki. Bibi alikaa dirishani kwa sababu dirisha lilitazama njia. Haya yote dada mtu aliyasikia baadaye. Wakati ule alijua tu kwamba amemkumbatia mtu asiyemfahamu, kwamba mtu huyo ameung'ang'ania mkono wake na kuubusu kiganjani, na kwamba sasa hakuwa na njia ya kuutoa. Kuna makosa ambayo mtu huyasahihisha kwa kusema samahani. Hili halikuwa la namna hiyo.

Akavuta kiti, akakaa. Bibi alimtazama usoni kwa macho yaliyofifia, akamwambia amekonda. Akamuuliza habari za safari. Dada mtu akasema safari ilikuwa ndefu. Kisha bibi akatazama kushoto na kulia kwa ujanja wa mtoto, akatia mkono katika ule mfuko mrefu wa gauni la Mama Pindo, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya karatasi laini ya mezani. Kilikuwa kipande cha mkate.

"Nimekuwekea," akanong'ona. "Kula upesi, wasikuone. Njiani najua hukula kitu."

Dada mtu aliyajua maisha ya mkate kuliko mtu yeyote ukumbini mle, na alipoushika tu alijua kwamba ule haukuwa wa jana wala wa juzi. Ulikuwa umekauka kama ubao. Aliumega, akautafuna, akaumeza na makombo yake yote. Bibi alimtazama hadi kipande cha mwisho, kisha akashusha pumzi na kujilaza kitini kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Ndipo dada mtu alipoinua uso. Kule ng'ambo ya ukumbi, katika kiti cha ukutani, mama yake halisi alikuwa akiwatazama. Amevaa gauni la njano lisilokuwa lake, safi, limepigwa pasi, linampwaya mabegani. Hakuwa ameita wala kuinua mkono. Alikuwa ameketi tu na kutazama tangu mwanzo.

Dada mtu alivuka ukumbi akapiga magoti miguuni pake. Alianza kueleza, maneno yakagongana. Mama akamwekea mkono kichwani ili anyamaze.

"Nimekuona ulivyomkumbatia," alisema. "Sikuona wivu, mwanangu. Nilijiuliza tu, kama mtoto wangu mwenyewe ameniona mimi kule, basi huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Msimamizi alipoulizwa hakuficha kitu, maana hakuona cha kuficha. Alieleza kwa fahari kwamba nguo za wazee wote huingia katika mashine moja kubwa, zikafuliwa kwa maji ya moto, zikapigwa pasi, zikapangwa rafuni kwa ukubwa, ndogo juu na kubwa chini. Asubuhi kila mzee huvishwa kinachomwenea. Hakuna mzee wake hata mmoja anayeshinda na nguo chafu, alisema, na alisema kweli. Dada mtu alitafuta doa la kugombea, hakuliona. Ugomvi wa uchafu ungekuwa rahisi, mtu huonyesha kwa kidole. Huu wa kwake haukuwa na mahali pa kuonyesha.

Akarudi kwa mama, akamshika mikono yote miwili, akamwomba asimame, wafike hata pale mlangoni. Mama alijitahidi. Aliinuka nusu, akavitazama vile vigae vinavyometa, akaketi tena.

"Acha tu," alisema bila huzuni yoyote, na kukosekana kwa huzuni ndiko kulikomtisha binti. "Miguu imeshasahau."

Jioni hiyo dada mtu alipika chakula cha watu wawili, kama alivyokuwa akikosea mara nyingi tangu mama aondoke. Nyumba ilikuwa kimya. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa pembeni, na chini yake bado palikuwa na vinyuzi vya rangi ambavyo hakuwa na moyo wa kuvifagia. Alimtamani mama yake. Alitamani kelele za cherehani wakati yeye anataka kulala, alitamani kugombezwa kwa kuacha sahani mezani, alitamani hata ile tabia ya mama ya kumshika upindo wa nguo mbele za watu na kusema kwa sauti kwamba umeshonwa na mtu mwenye hasira. Mama alikuwa hai, mwendo mfupi tu kutoka pale, na binti alikuwa akimlilia kama marehemu.

Akampigia kaka yake simu. Kaka mtu alisikiliza, kisha akasema kwamba mama anazeeka, ndivyo uzee ulivyo, na kwamba wamshukuru Mungu yuko mahali safi kuliko nyumba za wengi, pamoja na yake mwenyewe.

"Ni msafi, kaka, sikatai," dada mtu alisema. "Lakini humo ndani hayumo."

Kaka mtu akaaga, akakata simu. Dada mtu akapiga moyo konde. Siku yake ya mapumziko ilipofika alikwenda peke yake hadi kwenye lile geti la kutu.

Geti lenyewe lilikuwa baya kuliko alivyokumbuka. Ilibidi alinyanyue kwa mikono miwili ndipo lisogee, likalia hadi meno yakamfa ganzi. Ndani alipokewa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Akasimama akanusa chini ya harufu hiyo, kwani alijua vitunguu vinaweza kuficha mengi. Hakupata mkojo wala ukungu. Alipata sabuni, na joto la nguo zilizokauka juani. Msimamizi wa pale alikuwa mwanamke mrefu mwenye haraka, akaomba radhi kwa ajili ya geti. Fundi aliahidi kuja, na ahadi za mafundi zinajulikana. Kisha akamwambia atazame popote anapotaka, yeye anarudi kumwogesha mtu.

Dada mtu alitazama popote. Aliingia msalani, akainua mfuniko. Aliinua godoro akalinusa upande wa chini. Alipitisha kidole nyuma ya kabati, akakitazama. Palikuwa safi, lakini safi ya mahali panapokaliwa na watu: asubuhi pamefagiwa, na tayari kuna kikombe kimesahauliwa dirishani. Sakafu ilikuwa saruji tupu, imesuguliwa na kukaushwa, inakamata soli ya kiatu. Kandokando ya kuta zote palipita mhimili wa mbao wa kushikia, na kibibi kimoja kilikuwa kikiufuata polepole, kikimtukana mtu fulani asiyekuwepo. Kila chumba kilikuwa na shuka za rangi yake. Milangoni palitundikwa mifuko ya kufulia, kila mmoja umeshonewa kiraka tofauti, na nguo zilifuliwa mfuko kwa mfuko, polepole, ili mtu arudishiwe cha kwake. Mezani wazee walikuwa wakimenya viazi na kubishana kama mvua itanyesha. Mmoja alikuwa na doa la yai kifuani. Shati lilikuwa lake, na doa lilikuwa lake.

Dada mtu aliketi kwenye benchi. Alikumbuka siku ile ndani ya gari na injini ikiunguruma. Aliona hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu ya nafsi yake.

Kaka mtu aligoma, kisha akanung'unika, kisha akaja na gari. Siku ya kumhamisha mama, wahudumu wa kule penye vigae walitaka kumrudishia gauni lake la bluu, wakaenda dirishani kumvua bibi wa watu, kwani asubuhi hiyo lilikuwa limemwangukia tena. Mama Pindo akasema hapana, tena kwa sauti ambayo wanawe hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu.

"Mwacheni nalo. Mimi nitashona lingine."

Bibi wa Dirishani aliushika mkono wa dada mtu akamuuliza atarudi lini. Dada mtu akamwambia Jumapili. Msimamizi aliwasindikiza hadi mlangoni, akamwambia mama kwa unyofu kwamba wamejitahidi. Mama akamshukuru, maana ni kweli walijitahidi.

Kwenye makao mapya kaka mtu alishuka na kuitazama sakafu kwanza, kama ada yake. Alisugua soli ya kiatu chake juu ya saruji ile ya kukwaruza, akakunja uso, akasema hakuna mteja wake ambaye angeipokea hata bure. Lakini alipogeuka, mama yake alikuwa ameshashika ule mhimili wa ukutani. Mkono mmoja uko juu ya mbao, mwingine umeshika mkongojo, uso umekazana. Alisogeza mguu mmoja. Akangoja. Saruji ikaushika mguu wake vizuri, akasogeza wa pili. Kaka mtu alirudi garini akaibeba cherehani peke yake, nzito ilivyo, akaiweka karibu na dirisha la chumba cha mama, na aliporudi alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati huku akisema vumbi la geti limemwingia.

Sitasema kwamba kila kitu kilikuwa shwari. Mzee wa chumba cha pili alikuwa na redio na maoni, na Mama Pindo aligombana naye karibu kila siku juu ya vyote viwili. Chakula mara nyingine kiliungua. Siku zingine mama aliamka akidhani yuko nyumbani, akaita jina la binti yake, na alipogundua aliko alikaa kitandani muda mrefu akikunja na kukunjua upindo wa shuka. Hamu ya nyumbani kwake haikumwacha. Wala binti naye haikumwacha. Bado alipika kwa watu wawili, ingawa sasa chakula cha pili alikifunga kesho yake akampelekea.

Jumapili aligawa mchana mara mbili. Kwanza alipita kwenye ule mlango wa vanishi, akakaa dirishani na bibi aliyemwita mwanangu, naye akaitika. Kisha akaja kwa mama.

Jumapili moja alifika akaukuta mlango wa chumba cha mama umefungwa, jambo ambalo halikuwa kawaida. Akabisha.

"Hodi."

Halafu akasikia mkongojo ukigonga saruji, ukitulia, ukigonga tena. Alitaka kufungua mwenyewe, akajizuia kwa nguvu zote. Kitasa kikazunguka, mlango ukavutwa kwa ndani, na mama yake alikuwa amesimama pale kwa miguu yake miwili, anahema, kilemba kimekwenda upande.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu ndani. Lakini futa miguu kwanza, nimefagia."

Dada mtu alisimama kizingitini. Tangu wamtoe nyumbani, mama hakuwa amemkaribisha mtu. Kule kwingine karibu ilisemwa na msimamizi, kwa kuwa wengine wote walikuwa wageni, na mgeni hamkaribishi mgeni. Akafuta miguu yake, kushoto na kulia, kwa uangalifu kama anayeingia kwa mkwe. Mama alimkagua, akaridhika, akampisha apite.

"Si nyumbani kwetu hapa," mama alisema akijishusha taratibu kwenye ukingo wa kitanda. "Nyumbani ni kule, na nitapatamani mpaka nife. Lakini hapa ni kwangu. Haya, keti, unaniletea baridi."

Dada mtu akaketi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa mgeni wa mama yake, na chozi lililomtoka hakulificha. Kama ingelikuwa ni kuamuliwa na macho ya barabarani, asingeingia humo maisha yake yote, na mama yake angelikufa kitini, safi, ndani ya nguo ya mtu mwingine. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.